Jenga Kigunduzi cha Mwanga wa Leza kwa Majaribio ya Fizikia, Kisha Kipime Mpaka Ukiamini

Usiku mmoja nikiwa nyumbani Tabata, Dar es Salaam, niliisingizia polaroidi, kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, kosa ambalo haikulifanya. Nilikuwa naizungusha mbele ya leza nyekundu, nasoma volteji kwenye multimita kila baada ya digrii 10, naandika kwenye daftari. Kanuni ya Malus anaijua kila aliyesoma mwanga: ukali unaopita hufuata mraba wa kosaini ya pembe. Grafu ilipaswa kupanda na kushuka taratibu kama mgongo wa wimbi. Yangu ilikuwa imekatwa kichwa. Kuanzia digrii 0 hadi 30 namba haikutikisika, imeganda kwenye volti 8 na ushei. Nikabandua polaroidi nyingine kutoka kwenye kikokotoo kibovu, nikarudia, yaleyale. Saa sita usiku ndipo akili ya kupima betri ikanijia: volti 8 na ushei. Kigunduzi kilikuwa kimejaa, kama ndoo iliyosahauliwa chini ya bomba. Maji yanaendelea kutoka, ndoo haina tena pa kuyaweka.

Kwa hiyo mwongozo huu hauna mizani sawa. Sehemu ya kujenga ni fupi, maana ni kazi ya nusu saa hata kwa asiyewahi kushika waya. Sehemu ya kupima ni ndefu, kwa sababu kigunduzi ambacho hujakipima hakikwambii lolote zaidi ya "mwanga upo" au "mwanga haupo", na hilo hata jicho linaweza.

Kabla ya yote, macho

Leza nyekundu nyingi za mkononi zina urefu wa wimbi wa nanomita 650. Zilizo chini ya miliwati 1 ni daraja la 2, ambapo kupepesa jicho kunakuokoa ukimulikwa kwa bahati mbaya. Zinazofika miliwati 5 ni daraja la 3R, na hapo kupepesa si kinga ya kutegemea. Shida ni kwamba karatasi iliyobandikwa kwenye leza ya mtaani si kiapo. Ichukulie kila leza kuwa na nguvu kuliko inavyosema.

Nina masharti manne na sibishani na mwanafunzi juu yake. Mwale upite chini ya kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Saa na pete zivuliwe, kwa sababu chuma kinachong'aa hurudisha mwale usikotarajia. Mwishoni mwa njia ya mwale pawe na kitu cheusi kisichong'aa. Na leza ifungwe mezani, isishikwe mkononi. Ukiwa unaishi Kipawa, Vingunguti au Ukonga, ambako ndege zinashuka juu ya mabati, sina haja ya kukueleza kwa nini mwale hautoki nje ya dirisha.

Vya kununua Kariakoo

Ingia mitaa ya Msimbazi na Aggrey, ulizia wanaouza vipuri vya redio badala ya simu nzima. Unahitaji hivi:

- Fotodayodi (kijipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa mkondo) aina ya BPW34, chukua mbili
- Rezista za kilo-omu 1, 10 na 100, na moja ya mega-omu 1
- Aisii ya LM358, chipu ndogo ya kukuza ishara
- Kapasita ndogo za pikofaradi 100, na moja ya nanofaradi 100
- Betri ya volti 9 na kishikio chake
- Bredibodi (ubao wa vitundu vya kuchomekea vipuri bila kulehemu) na nyaya zake
- Multimita, ile ya njano ya bei nafuu inatosha
- Moduli ya leza nyekundu ya volti 5, aina ya KY-008

Utaambiwa uchukue LDR, rezista inayobadilika kwa mwanga, maana ndiyo inayojulikana; imo kwenye taa za nje zinazojiwasha giza likiingia. Ikatae kwa adabu. LDR ni nzito kuamka, hutumia makumi ya milisekunde kuitikia mabadiliko, na mwanga ukiongezeka mara mbili ukinzani wake haupungui nusu kamili. Kwa taa ya uani inafaa. Kwa kuchora grafu itakudanganya.

Mtego mwingine uko kwenye rangi. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, unataka ya rimoti au ya mwanga wa kawaida?" Swali zuri kuliko nilivyolielewa siku ile. Fotodayodi zenye mwili mweusi zimefunikwa kichujio kinachopitisha infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, peke yake, ili taa za chumba zisisumbue televisheni. Mwanga mwekundu wa nanomita 650 unagonga mwamba pale. Unayoitaka ina mwili unaopitisha mwanga, na ndani unaona kabisa kipande cha silikoni cha mraba.

Ipime hapohapo dukani kabla ya kulipa. Weka multimita kwenye milivolti 2000, gusisha ncha kwenye miguu miwili ya fotodayodi, toka nayo kidogo kwenye jua. Nzima itakupa milivolti 400 hadi 500 bila betri yoyote, maana ni ndugu mdogo wa paneli ya sola. Izibe kwa kidole, namba ishuke. Hapohapo umepata na jibu la swali la miguu: ukiona namba haina alama ya kutoa, mguu ulioguswa na waya mwekundu wa mita ndio anodi, na wa pili ni kathodi. Utie alama ya kalamu. Usitegemee kukumbuka.

Kinachotokea ndani

Fotoni ikiingia kwenye silikoni inang'oa elektroni, na elektroni hiyo inatembea na kuwa mkondo. Idadi ya fotoni ikiongezeka mara mbili, mkondo unaongezeka mara mbili. Uwiano huo wa moja kwa moja ndio tunaoulipia. Kwa nanomita 650, hata kama kila fotoni ingezaa elektroni moja bila hasara, wati moja ya mwanga ingetoa ampia 0.52. Fotodayodi halisi za silikoni hutoa kama ampia 0.4. Kwa vipimo vyetu vidogo: miliwati 1 ya leza nyekundu ni miliampia 0.4 hivi. Ikariri namba hii, utaitumia mpaka mwisho.

BPW34 inaona kuanzia nanomita 430 hadi 1100, na kilele chake kiko karibu na 900, eneo ambalo macho yetu ni kipofu. Ndiyo sababu sikushauri uanze na leza ya kijani. Nyingi kati yake hutengeneza nanomita 532 kutokana na infraredi ya 808 na 1064, na ya bei rahisi huvujisha infraredi hiyo mbele. Wewe unaona kijani, kigunduzi kinaona mchanganyiko, na hesabu zako hazifungi.

Saketi ya kwanza: rezista tu

Wengi hukimbilia aisii siku ya kwanza. Mimi nasema hapana, mwanga wa leza ni mkali kiasi kwamba rezista moja inatosha kwa majaribio mengi ya sekondari.

1. Kathodi ya fotodayodi iende kwenye chanya ya betri. Ndiyo, kinyumenyume, dayodi hii inafanya kazi ikiwa imefungwa kinyume.
2. Anodi iende kwenye mguu mmoja wa rezista ya kilo-omu 1.
3. Mguu wa pili wa rezista uende hasi ya betri.
4. Multimita isome volteji kwenye rezista.

Gizani hupati kitu. Mulika, volti inapanda. Miliampia 0.4 kwenye kilo-omu 1 ni volti 0.4, ukiweka kilo-omu 10 ni volti 4. Leza ya miliwati 5 kwenye kilo-omu 10 ingetaka volti 20, na betri yako ina 9. Hiyo ndiyo ndoo iliyonijaa Tabata.

Kwa hiyo chagua rezista itakayofanya mwanga wako mkali kuliko wote ubaki chini ya nusu ya volti za betri. Usivutiwe na namba kubwa. Na usizidishe upande wa pili: multimita nyingi za njano zina ukinzani wa ndani wa mega-omu 1, hivyo ukitumia rezista ya mega-omu 1 mkondo unagawanyika, nusu unapita kwenye mita, na unasoma nusu ya ukweli.

Saketi ya pili: mwanga ukiwa hafifu

Siku utakapotaka kupima madoa ya pembeni ya difraksheni, yaani mwanga unaosambaa ukipita kwenye upenyo mwembamba, au mwanga uliopita kwenye maji ya chumvi yaliyochafuka, rezista itakuangusha. Hapo ndipo LM358 inapoingia. Kazi yake ni kugeuza mkondo kuwa volteji huku ikiiachia fotodayodi karibu volti sifuri, jambo linaloifanya itulie.

Weka aisii juu ya bredibodi, kijishimo chake kikiangalia juu. Pini 1 iko kushoto juu, na unahesabu kushuka kisha kupanda upande wa pili.

- Pini 8 kwenye chanya ya volti 9, pini 4 kwenye hasi. Kapasita ya nanofaradi 100 iwekwe kati ya hizo mbili, karibu na aisii kadiri inavyowezekana.
- Pini 3 kwenye hasi.
- Kathodi ya fotodayodi kwenye pini 2, anodi kwenye hasi.
- Rezista ya kilo-omu 100 kutoka pini 1 hadi pini 2, na kapasita ya pikofaradi 100 sambamba nayo.
- Multimita kati ya pini 1 na hasi.
- Pini 5 kwenye hasi, pini 6 uunganishe na pini 7. Nusu hiyo ya pili hatuitumii, lakini ukiiacha inaning'inia italeta fujo.

Volteji unayosoma ni mkondo ukizidishwa na rezista ya pini 1 na 2. Mikrowati 1 ya mwanga mwekundu itakupa kama milivolti 40. Ukibadilisha kuweka mega-omu 1, mikrowati hiyohiyo inakuwa volti 0.4. Kapasita usiiruke, bila hiyo saketi huweza kuanza kujiimbia yenyewe na namba zikaruka bila sababu.

LM358 haifiki juu kabisa. Kwa betri ya volti 9 inakomea karibu 7.5, na chini nayo haishuki sifuri safi. Gizani unaweza kukuta milivolti chache, au makumi ya milivolti ukiwa na mega-omu 1. Hilo si ugonjwa. Andika namba ya giza, uitoe kwenye kila kipimo.

Nyumba ya kigunduzi

Kuna hesabu ambayo hunishangaza kila nikiirudia. Jua la mchana linamwaga karibu wati 1000 kwa kila mita ya mraba, yaani miliwati 1 kwa kila milimita ya mraba. Uso wa BPW34 ni milimita za mraba 7.5. Ukiiweka uchi kwenye jua la saa sita, inapokea zaidi ya miliwati 7, kuliko hata leza ya miliwati 5. Hata jua lililoingia chumbani na kugonga ukuta mweupe linaacha alama kwenye mita.

Tafuta kipande cha bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme ukutani, urefu wa sentimita 8 hadi 10. Ndani kivishe karatasi nyeusi isiyong'aa. Nimewahi kutumia masizi ya sufuria yaliyochanganywa na gundi ya maji, yanafyonza mwanga vizuri ila yanachafua vidole kwa wiki nzima. Fotodayodi ikae mwisho mmoja, nyuma izibwe kwa tepe nyeusi mpaka usione hata tundu la sindano, maana mwili wake hupitisha mwanga hata ubavuni.

Mbele ya fotodayodi weka kitawanyishi. Nukta ya leza ina upana wa milimita 2 au 3, na uso wa silikoni ni mraba wa chini kidogo ya milimita 3. Meza ikitikisika kidogo, kipande cha nukta kinadondokea nje na kipimo kinashuka bila mwanga kupungua. Dawa yake ni ile tepe nyeupe nyembamba ya fundi bomba, ya kuzungushia nyuzi za koki. Tabaka mbili au tatu, zikae milimita 5 mbele ya fotodayodi. Mwanga unatawanyika na kujaza uso wote. Unapoteza ukali mwingi, unapata utulivu, na kwa leza biashara hiyo inalipa.

Jambo moja la pwani: hewa yetu ina chumvi na unyevu. Bredibodi iliyokaa miezi Kigamboni au Msasani huota kutu ndani ya vitundu, na kwenye saketi ya mega-omu 1 hata jasho la vidole juu ya plastiki linapitisha mkondo wa kutosha kuharibu kipimo. Ukiona kigunduzi chako kinafanya kazi, kihamishie kwenye ubao wa kulehemu, kisha kisugue kwa mswaki mkavu na spiriti kuondoa mabaki ya dawa ya kulehemu.

Sasa kipime

Anza na giza. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole gumba juu ya tepe nyeusi, soma. Zungusha bomba kuelekea dirishani, soma tena. Namba zikitofautiana, kuna tundu. Lizibe kabla ya kuendelea. Fanya pia asubuhi na alasiri: mkondo wa giza wa silikoni huongezeka karibu mara mbili kila joto likipanda nyuzi 10, na chumba cha mabati mwezi wa Februari si cha kupuuza.

Pili, sikiliza taa. Umeme wetu wa TANESCO ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Unganisha pini 1 kwenye spika ndogo ya kompyuta yenye amplifaya ndani, kupitia kapasita ya mikrofaradi 1 ili volteji tuli isipite. Elekeza bomba kwenye taa. Kama inaguruma, taa hiyo itachafua vipimo vyako, hasa ukitumia Arduino, ubao mdogo wa kompyuta unaoandikiwa programu, unaosoma haraka kuliko multimita. Wanafunzi wangu hupenda sehemu hii kuliko zote. Hutembea nayo jengo zima wakitafuta taa inayopiga kelele zaidi. Bonyeza pia rimoti ya televisheni mbele yake uone mita ikistuka kwa mwanga usiouona.

Jaribio la tatu ndilo moyo wa kazi, na halihitaji kifaa chochote cha maabara. Unachukua vyanzo viwili vya mwanga, leza na tochi ya simu, vyote vimefungwa mahali pamoja visisogee. Ziba tochi kwa kadi, soma leza peke yake. Ziba leza, soma tochi peke yake. Kisha ondoa kadi zote, soma vyote pamoja. Toa namba ya giza kwenye kila kipimo. Kama leza ilikupa volti 1.20 na tochi 0.85, pamoja lazima upate 2.05. Ukipata 1.90, kigunduzi kimeanza kujaa na hakifai kwa ukali huo. Shusha rezista urudie. Ziba kwa kadi, usizime swichi, kwa sababu leza iliyozimwa na kuwashwa hairudi kwenye nguvu ileile papo hapo.

Rudia kwa tochi iliyo mbali, halafu karibu, mpaka ujue ni volti ngapi jumla inaanza kukataa kujumlika. Namba hiyo iandike kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya bomba lenyewe. Mimi yangu inasomeka "mwisho volti 6".

Kwa uthibitisho wa ziada tumia vioo vyembamba vya hadubini. Kila uso wa kioo hurudisha asilimia 4 hivi ya mwanga unaoingia moja kwa moja, na kioo kina nyuso mbili, kwa hiyo kimoja hupitisha karibu asilimia 92. Viwili, 85. Vitatu, 78 au zaidi kidogo, maana mwanga mwingine hurukaruka kati ya vioo na kupata njia. Viinamishe kidogo tu ili mwale unaorudi usiingie tena kwenye leza, na uwe umejua utaangukia wapi. Alama za vidole zitakuharibia, vifute kwanza.

Mwisho angalia leza yenyewe. Iache imewaka na usome kila dakika kwa dakika 15. Leza hizi hupungua nguvu zikipata joto, kisha hutulia. Ile ya kalamu yenye betri tatu za kitufe ni mbaya zaidi, inafifia polepole kadiri betri zinavyochoka, na unaweza kuiandikia sheria nzima ya fizikia isiyokuwepo. Ndiyo maana nilitaja moduli ya volti 5: inakula kwenye chaja ya simu au pawabenki, na umeme ukikatika pawabenki haijui. Nyingine hujizima zenyewe zikiona mzigo mdogo, kwa hiyo ijaribu kwanza.

Ukishafaulu hapa, rudia Malus. Mwanga wa leza ya aina hii kwa kawaida tayari unatetema upande mmoja, hivyo polaroidi moja inatosha. Miwani ya sinema za 3D iepuke, polaroidi zake nyingi ni za mduara, si za mstari, na zitakuchanganya. Digrii 30 ikupe asilimia 75 ya kilele, 45 ikupe 50, 60 ikupe 25.

Kazi ya kwanza ya maana: uvutano wa Dar

Vitabu vinatufundisha kwamba uvutano ni mita 9.81 kwa sekunde mraba. Hapa kwetu, karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, ambako dunia imetuna na inatuzungusha kwa kasi zaidi kuliko watu wa kaskazini, namba sahihi ni karibu 9.78. Pendulamu ya sentimita 100 kwa 9.81 ingechukua sekunde 2.006 kwenda na kurudi. Kwa 9.78 inachukua 2.009. Tofauti ni milisekunde 3. Saa ya mkononi na kidole chako haviwezi kuiona kwenye bembeo moja, lakini kigunduzi kinaweza, ukikihudumia.

Chukua saketi ya kwanza, ila badala ya betri tumia volti 5 za Arduino Uno: kathodi kwenye 5V, anodi kwenye A0 (pini ya kusoma volteji), rezista ya kilo-omu 10 kutoka A0 hadi GND (hasi). Usiunganishe betri ya volti 9, utaiunguza pini. Hapa kujaa hakutusumbui hata kidogo, tunataka kujua mwale umekatika lini tu. Kitawanyishi kitoe.

Ning'iniza nati nzito kwa mshipi wa kuvulia, wauzaji wa soko la samaki la Feri wanao wa kila unene. Mwale upite pale nati inapotulia. Programu isome A0 bila kupumzika. Volteji ikishuka chini ya 1, iandike muda wa micros(), saa ya ndani ya Arduino inayohesabu mikrosekunde, kisha isiandike tena mpaka volteji ipande juu ya 3. Pengo hilo kati ya 1 na 3 linazuia kuhesabu mara mbili kwa mtikisiko mdogo. Nati hukata mwale mara mbili katika kila bembeo zima, ikienda na ikirudi, kwa hiyo chukua muda wa mkato mmoja, ruka unaofuata. Ukichukua kila mkato, upana wa nati na mwale usiokaa katikati kabisa vitakupa vipindi viwili vinavyopishana, kirefu, kifupi, kirefu, kifupi.

Pembe ya bembeo iwe ndogo. Kwa digrii 5 kipindi kinarefuka kwa milisekunde 1. Kwa digrii 10 kinarefuka karibu 4, zaidi ya tofauti yote tunayoitafuta.

Halafu kuna saa ya Arduino yenyewe, na hapa wengi huanguka bila kujua wameanguka. Uno haitumii kioo cha kwatzi kwenye chipu kuu. Inatumia rezoneta ya seramiki ambayo huweza kukosea hadi asilimia 0.5. Katika sekunde 2 hiyo ni milisekunde 10. Iandikie programu fupi inayowasha taa yake kila baada ya sekunde 1000 za kwake, uilinganishe na saa ya kusimamisha ya simu. Kosa la kidole chako, kama sekunde 0.2, katika sekunde 1000 ni asilimia 0.02. Ukipata simu inasoma 1002.6, zidisha vipindi vyako vyote kwa 1.0026.

Urefu wa uzi upime nati ikiwa imening'inia, maana mshipi hurefuka kwa uzito, na upime hadi katikati ya nati. Chukua wastani wa bembeo 50, weka kwenye kanuni ya pendulamu, g = 4π²L/T², ambapo L ni urefu wa uzi na T ni muda wa bembeo moja. Mara ya kwanza nilipata 9.79. Nikapima uzi upya, nikapata 9.77. Tofauti ya namba hizo mbili ni milimita 2 za urefu, na nati niliyofunga ilikuwa na unene wa milimita 8. Kesho yake nikaenda kutafuta gololi.